Kuandaa maombi ya uzamili: anza na kisima chako

Mwezi uliopita fundi sanifu mmoja wa ofisini kwetu, kijana ninayemwita mdogo wangu kwa kuwa tumepanda pikipiki moja kwenda vijijini zaidi ya mwaka sasa, aliniletea barua yake ya maombi ya masta niisome kabla hajaituma. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Ilikuwa barua yangu ya mwaka 2019. Hakuinakili, maana hajawahi kuiona. Lakini ilianza vilevile, "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu," ikaendelea vilevile, "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu," ikaishia kwa shukrani ndefu. Ile yangu ilikataliwa kwa barua pepe ya mistari minne. Nikamwomba asiitume kwanza, na jioni ile nikaanza kumwandikia haya. Nayaweka hapa kwa sababu najua wako wengi wenye barua kama ile.

Mimi ni mhandisi wa maji. Nilimaliza shahada ya kwanza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2016, na tangu 2017 nafanya kazi Arumeru. Maombi yangu ya kwanza ya uzamili yaligonga mwamba 2019. Ya pili, mwaka 2020, yalinipatia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, nikaenda Stuttgart. Nitaeleza njia hiyo kwa kuwa ndiyo niliyoipita mwenyewe, lakini mengi yatakufaa hata ukiomba Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru.

Tatizo kwanza, kozi baadaye

Mwaka 2019 nilianza kwa kutafuta fedha. Nilipekua mtandaoni kozi yoyote yenye neno "maji" au "mazingira" ambayo ina mfadhili, nikaomba nne. Ndipo nikaanza kufikiri niseme nini. Huko ndiko nilikopotea. Anayeanza na mfadhili huishia kuandika kile anachodhani mfadhili anataka kusikia, na waombaji wote tunadhani jambo lilelile.

Mwaka uliofuata nilianza na kisima. Kilichimbwa upande wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, kikatoa maji mengi, matamu, safi kwa macho. Watu walichinja mbuzi. Kisha majibu ya maabara yakaja: floraidi miligramu 8.2 kwa lita. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Tanzania sasa ni miligramu 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Zamani tuliruhusu hadi 4. Kwa kipimo cha zamani au cha sasa, maji yale hayakufaa. Madini hayo hutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na madhara yake mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa: meno ya kahawia, na kwa waliokunywa maji yenye floraidi nyingi zaidi tangu utotoni, miguu iliyopinda. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwaambia wanakijiji kwamba pampu inafungwa. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Mwanangu, mnafungaje maji ambayo tumeyaona kwa macho yetu?" Nilimweleza habari za maabara. Haikumtosha, na hata mimi haikunitosha.

Usiku ule niliandika kwenye daftari maswali matatu ambayo elimu yangu haikuweza kuyajibu. Kwa nini kisima kingine, mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu, kina floraidi ndogo? Tungewezaje kujua kabla ya kuchimba? Na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeutumia miaka mingi kuchuja floraidi, kwa nini kaya nilizozitembelea zilikuwa zimeacha kuubadilisha ukichoka?

Maswali hayo ndiyo yaliyonichagulia kozi. Mawili ya kwanza ni ya maji ya chini ya ardhi, basi nikatafuta vyuo vyenye nguvu katika eneo hilo. Nikakuta Chuo Kikuu cha Stuttgart kina kozi ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji, na kina kituo kikubwa cha majaribio ya maji ya chini ya ardhi kinachoitwa VEGAS. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuomba chuo hicho na si kingine.

Nawe fanya hivyo kabla hujafungua tovuti yoyote. Kama ni muuguzi, ni mgonjwa wa namna gani anayerudi wodini kila mara na hujui kwa nini? Kama unafundisha hesabu, darasa hukwama mada gani kila mwaka? Kama ni mhasibu wa halmashauri, ni hoja gani ya ukaguzi inayojirudia hata baada ya kujibiwa? Andika kwa Kiswahili, kwenye daftari, kama unamsimulia mtu wa nyumbani. Kiingereza kitakuja. Nilipoanza moja kwa moja kwa Kiingereza nilijikuta naandika sentensi nilizozisoma kwa watu.

Jipime mapema

Ufadhili wa DAAD niliouomba unaitwa EPOS, na ni kwa watu walio kazini kutoka nchi zinazoendelea. Hutaka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, na kwa kawaida shahada hiyo iwe haijapita miaka sita. Maombi hutumwa kwenye kozi yenyewe, na kozi nyingi hufunga dirisha kati ya Agosti na Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo ukiona tangazo Septemba ukaanza hapo kutafuta wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua za mapendekezo, umechelewa. Mimi nilianza Machi.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza nao hutaka miaka miwili ya kazi, lakini huihesabu kwa saa, 2,800, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Soma masharti ya mfadhili wako neno kwa neno, uyaandike kwenye karatasi, na mbele ya kila moja uandike ni hati gani itakayothibitisha kwamba unalitimiza. Sharti lisilo na hati mbele yake ndilo la kufanyia kazi wiki hiyo.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama zako za shahada, watu wengi wanaomba bila kujua wanaonekanaje upande wa pili. Wajerumani huhesabu kinyume chetu: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Wana kanuni ya kubadilisha alama za kigeni, na kwa mfumo wetu, ambao juu kabisa ni 5 na kufaulu kunaanzia 2, kanuni hiyo inaishia kwenye hesabu ndogo: toa GPA yako kwenye 6. Mimi nina 3.6, kwa hiyo kwao ni 2.4. Kozi nyingi huko hutaka 2.5 au bora zaidi, yaani GPA 3.5, pale pale inapoanzia daraja la pili la juu. Ukiwa na 3.2 usikate tamaa, lakini tafuta kozi zisizoweka ukomo huo, na ujue kwamba kazi uliyofanya itabidi iseme kwa sauti kubwa zaidi.

Jambo jingine: kukubaliwa chuoni na kupata fedha ni milango miwili. Kuna binti niliyesoma naye aliyepata nafasi Ujerumani akafurahi, kisha akaambiwa kuhusu akaunti maalumu ya benki ambayo mwanafunzi asiye na mfadhili huweka fedha za mwaka mzima kabla ya viza. Mwaka 2025 zilikuwa yuro 11,904. Jimbo la Baden-Württemberg, ambako Stuttgart ipo, huwatoza pia wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, ingawa vyuo vya umma vya majimbo mengi mengine havina ada. Mambo hayo yajue siku ya kwanza.

Barua ya kueleza nia

Barua yangu ya pili ilikuwa na kurasa mbili, na ilianza hivi, nikiitafsiri: "Mwezi Novemba 2019 nilifunga pampu ya kisima chenye maji mengi kuliko visima vyote vya kata ninayoihudumia, kwa sababu kilikuwa na floraidi miligramu 8.2 kwa lita. Kisima kingine kilicho karibu kina miligramu 1.1. Sikuweza kuwaeleza wanakijiji tofauti hiyo inatoka wapi, na ofisi yetu haikuwa na mtu anayeweza."

Ndoto za utotoni hazimo. Neno "mchapakazi" halimo. Msomaji ameshaona mahali, namba, na mtu aliye kazini. Aya iliyofuata nilieleza nilichojaribu: nilikusanya majibu ya maabara ya visima 31 vya wilayani, nikayaweka kwenye ramani, nikaona mpangilio fulani lakini nikashindwa kuufafanua. Sehemu hii waombaji wengi huiruka, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ukieleza tatizo bila kusema umelifanyia nini, unaonekana mtazamaji. Hata jaribio dogo lililoshindwa liandike, mradi useme liliishia wapi na kwa nini.

Kisha nikaingia kwenye kozi. Nilisoma maelezo ya masomo yake yote, nikataja mawili tu, na kila moja nikalifungia kwenye swali langu. Orodha ndefu ya masomo ya chuo haimwambii mhadhiri kitu, ameiandika yeye. EPOS inaruhusu kuomba hadi kozi tatu kwa kuzipanga kwa kipaumbele, na inabidi ueleze kwa nini umepanga hivyo. Mimi niliomba mbili, kwa sababu ya tatu ningeiombea fedha tu, na ingeonekana.

Mwisho nikaeleza nitakachofanya nikirudi. Sikuandika kwamba nitamaliza tatizo la maji Tanzania. Niliandika kwamba nataka ofisi yetu iwe na ramani ya floraidi ya wilaya ambayo mchimbaji yeyote ataiangalia kabla ya kuleta mtambo. Jambo la ukubwa huo mtu mmoja anaweza kulifanya, na msomaji anaweza kuliamini.

Nilipomaliza nilimsomea kwa sauti dada yangu, ambaye ni mshonaji. Kila aliponiuliza "maana yake nini hapo?" niliweka alama. Alama zilikuwa tisa. Kuhusu programu za kompyuta zinazoandika barua: zitumie kusahihisha sarufi ukitaka. Ukiiachia programu ikuandikie yote, itakupa ileile barua yangu ya 2019 kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Wadhamini

Hapa ndipo panapowaumiza watu wazuri. Mwaka 2019 nilimwandikia mhadhiri wangu wiki moja kabla ya dirisha kufungwa: "Shikamoo mwalimu, naomba barua ya mapendekezo, tarehe ya mwisho ni Ijumaa." Akanisaidia, mungwana yule. Barua ilisema nilisoma pale, nilifaulu vizuri, nina tabia njema. Angesema nini zaidi? Darasa letu lilikuwa kubwa, na miaka mitatu ilikuwa imepita.

Mara ya pili nilimpigia simu kwanza, miezi miwili kabla, nikaomba kwenda kumwona. Nilipanda basi hadi Morogoro na bahasha yenye ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeandika alama zangu katika masomo mawili aliyonifundisha, kichwa cha mradi wangu wa mwaka wa mwisho, habari ya siku tuliyopima mto na kifaa kikaharibika nikabaki naye kukitengeneza, kazi ninayofanya sasa, na habari za kile kisima. Chini kabisa niliweka jina la kozi, tarehe ya mwisho, na namna barua inavyotakiwa kutumwa. Akausoma, akacheka alipofika kwenye kifaa, akasema, "Kumbe ni wewe." Barua aliyoiandika sikuiona hadi leo, lakini kwenye usaili mmoja wa wahojaji aliniuliza kuhusu siku ile ya mtoni.

Wadhamini wengine watakwambia, "Andika wewe, nitasaini." Naomba usikubali kirahisi. Barua mbili zenye mkono wako mmoja hujulikana, na unajinyima shahidi. Mpe mambo kwa pointi, kisha umwombe aandike mwenyewe hata aya mbili. Aya mbili za mtu anayekufahamu zinatosha.

Kwa EPOS, barua ya mwajiri ni lazima, iwe kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, saini, mhuri, na tarehe ya karibuni. Ukiwa mtumishi wa umma ongeza muda wa masijala. Mahali fulani barua yangu ililala wiki tatu kwa kuwa jalada langu lilikuwa limepelekwa ofisi nyingine. Nilikwenda kila Jumatatu na Alhamisi, kwa heshima, bila kugombana na mtu. Omba pia, kama bosi wako yuko tayari, aandike kwamba nafasi yako ipo ukirudi. Bosi wangu aliandika, na sentensi hiyo ilishikamana na mpango niliousema kwenye barua yangu. Hilo ndilo la kutafuta katika furushi zima: barua yako, CV, barua ya mhadhiri na ya bosi zikisomwa kwa mfululizo, ziwe zinamzungumzia mtu mmoja. Mwaka wa kwanza CV yangu ilisema "msimamizi wa miradi", barua ya ofisi ikasema "fundi". Yote yalikuwa kweli kwa namna yake, lakini msomaji wa mbali atajuaje?

Karatasi

Angalia majina yako leo. Cheti changu cha kidato cha nne kina herufi "s" mbili kwenye jina la ukoo, pasipoti ina moja. Nilihitaji kiapo mbele ya wakili kueleza kwamba ni mtu yuleyule, na ningelijua hilo mapema nisingekimbizana nalo Agosti. Transkripti, ile orodha ya alama zako zote, iombe chuoni mapema, na nakala za vyeti zigongwe mhuri na wakili, seti tatu, maana lazima moja itahitajika tena.

Cheti cha Kiingereza: matokeo ya mtihani wa IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno wala usingoje mwisho. Kilichonisumbua ni sehemu ya kuandika, kazi mbili kwa saa moja, maneno 150 na 250. Nilijizoeza kwa saa ya ukutani kila Jumamosi kwa miezi miwili. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Waandikie uulize, na jibu ulitunze.

CV ya EPOS hutakiwa kwa mtindo wa Europass, muundo wa CV wa Umoja wa Ulaya, na uisaini kwa mkono. Hati nyingine hupangwa kwa utaratibu wanaoutaja. Fuata utaratibu wao hata kama wako unaonekana mzuri zaidi. Kuskani nilifanya stesheneri yenye mashine nzuri. Picha za simu zilikuwa na kivuli cha mkono wangu juu ya mhuri. Nilituma siku sita kabla ya mwisho, usiku, saa ambayo mtandao huwa mwepesi, nikahifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Usaili na simu ya mwisho

Usaili ulikuwa kwa njia ya mtandao, dakika ishirini hivi. Niliazima chumba kwa jirani mwenye jenereta. Waliniuliza machache kuhusu alama. Walichokaa nacho ni swali langu la tatu: kwa nini watu wanaacha kubadilisha mkaa wa mifupa? Niliwaambia nilichokiona. Mkaa uliochoka hauna dalili, maji yanatoka na ladha ileile, na wa kubadilisha ni safari ya mbali. Kaya mbili ziliniambia hazina hakika mifupa ni ya mnyama gani. Mmoja akaandika kwa muda mrefu kabla ya kuuliza lingine. Jiandae kwa kurudia daftari lako la kwanza, lile la Kiswahili, kuliko kukariri majibu.

Jibu likija, la ndiyo au la hapana, wapigie wadhamini wako siku hiyohiyo. Mwaka 2019 niliona aibu, nikanyamaza, na baadaye nikasikia kwamba mhadhiri wangu alikuwa akiwauliza wenzangu kama nimeshaondoka. Mara ya pili nilimpigia akiwa shambani kwake, upepo ukivuma kwenye simu. Alinipongeza, akamshukuru Mungu, kisha akauliza, "Na kile kisima?" Nikamwambia bado kimefungwa. Akasema, "Haya, nenda. Ukirudi uje unionyeshe hiyo ramani."

Nilimpelekea mwaka 2023, imekunjwa kwenye bomba la plastiki, nikiwa kwenye basi lilelile la Morogoro. Ina visima 46 sasa.